Mgao Ulio Sawa, Mizigo Isiyo Sawa

Juma hili twataka kujifunza pamoja jambo moja ambalo kila mzazi wa Shinyanga, Kahama na Geita yampasa alifahamu, maana lahusu fedha zipelekwazo shuleni kwa ajili ya mtoto wake na mtoto wa jirani yake. Swali lenyewe ni fupi: Je, watoto wote wakipewa fedha sawa, wametendewa haki?

Wengi watajibu upesi, "Ndiyo! Kwani haki ni nini tena?" Twawaomba wavute subira kidogo, kwanza tuwatazame watoto wawili.

Tufikirie shule ya msingi iliyo karibu na machimbo, iwe Nyarugusu, iwe Kakola, iwe Mwime. Watoto wawili wamekaa dawati moja. Wa kwanza ni binti wa mwenye duka. Asubuhi amekunywa uji, amevaa viatu, na nyumbani kwao iko taa ya kusomea, tena yuko kaka wa sekondari wa kumwuliza hesabu. Wa pili analelewa na bibi yake auzaye michembe sokoni. Ametembea mwendo wa saa moja na nusu, hajatia kitu kinywani tangu jana jioni, na Jumamosi kutwa alikuwa kwenye karasha akiokota mabaki ya mawe ili bibi apate hela ya mafuta ya taa. Mwalimu akiuliza swali, wa kwanza hunyosha mkono. Wa pili asinzia. Mwalimu asiyejua habari zake atamwita mvivu.

Sasa, ruzuku ya Serikali inapogawanywa, watoto hawa huhesabiwa hivi: mmoja, na mmoja. Kila mmoja shilingi zile zile. Hapo ndipo lilipo somo letu.

RUZUKU NI KITU GANI?

Taifa letu limejitahidi tangu zamani kuwafungulia watoto wote milango ya shule. Mwaka 1974, huko Musoma, uliamuliwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baadaye ada na michango ikarudi, na watoto wa maskini wakarudi nyuma. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa, na badala yake ikawekwa ruzuku ya kila mwanafunzi: dola 10 kwa mwaka, ambazo siku zile zilikuwa kama shilingi 10,000. Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikaondolewa.

Katika mpango huo wa 2016 ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibakizwa kwa ununuzi wa vitabu, na 6,000 zikapelekwa shuleni kwa chaki, mitihani, matengenezo madogo, michezo na kazi za ofisi. Mwanafunzi wa sekondari alihesabiwa shilingi 25,000, nusu yake ikiwa ya vitabu.

Na tupige hesabu kidogo. Mwaka wa masomo una siku 194. Shilingi 6,000 ukizigawa kwa siku hizo, kila mtoto hupata kiasi kisichofika shilingi 31 kwa siku, ambacho hakinunui hata penseli. Tena kumbukeni kwamba zile 10,000 za mwaka 2002 zilikuwa kama dola 10. Ilipofika 2016, shilingi hizo hizo 10,000 hazikufika dola 5. Tarakimu ilibaki ile ile, lakini nguvu yake ilikuwa imepungua zaidi ya nusu.

Hatusemi haya kwa kubeza. Kufutwa kwa ada kuliingiza shuleni watoto wengi ambao wangalibaki wakichunga ng'ombe. Twasema tu kwamba kufungua mlango ni kazi moja, na kumsaidia aliyeingia akiwa amechoka ni kazi nyingine.

MIZIGO YA WATOTO WETU

Mzigo wa kwanza ni njaa. Mwongozo wa Kitaifa wa chakula na lishe shuleni wa mwaka 2021 watambua kwamba mtoto mwenye njaa hajifunzi. Lakini katika shule za kutwa chakula hicho hutegemea sana michango ya wazazi. Basi aliyenacho hutoa debe la mahindi, na asiyenacho hutoa udhuru. Na yule mtoto wa bibi, ambaye ndiye mwenye haja kuliko wote, ndiye aliye karibu zaidi na kukosa bakuli. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mzigo wa pili ni machimbo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika migodi midogo ya dhahabu nchini, Geita na Kahama zikiwamo, na lilikuta watoto wenye umri wa hata miaka 8 wakifanya kazi: kuchimba mashimoni, kuponda mawe, na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki ni sumu idhuruyo ubongo na neva, na mwili wa mtoto huumia nayo kuliko wa mtu mzima. Kadhalika, wachimbaji wadogo huhama kila isemwapo kwamba dhahabu imeonekana mahali fulani. Watoto wao huhama nao, na masomo yao hukatika kila wahamapo.

Mzigo wa tatu ni wa wasichana. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla hawajatimiza miaka 18. Mkoa huo uliongoza nchi nzima. Tangu hapo sheria imekazwa. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na amwoaye au kumpa mimba mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka 30. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu viruhusuvyo msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vyapingana na Katiba. Na Novemba 2021 Serikali iliruhusu waliokatishwa masomo kwa uzazi warudi shuleni. Haya yote ni mema. Lakini sheria haimwangalii mtoto mchanga mama yake awapo darasani, wala haimrudishii baba maskini ng'ombe wa mahari aliowatazamia.

Mzigo wa nne ni ulemavu. Watu wa Shinyanga waijua Buhangija, mahali walipokusanywa watoto wasioona, wasiosikia na wenye ualbino, ambao wengi wao waliletwa pale kwa kuokoa maisha yao katika miaka ile ya mauaji ya aibu. Mtoto asiyeona hawezi kusoma kwa kitabu cha kawaida, na mwenye ualbino ahitaji kofia, mafuta ya kukinga ngozi na miwani. Serikali yenyewe hugharimia chakula cha wanafunzi wa bweni wenye mahitaji maalumu. Yaani imekwisha kukubali kwamba mtoto mwenye mzigo mkubwa hugharimu zaidi. Sisi twauliza tu: kanuni hiyo ikiwa ni ya kweli Buhangija, mbona isiwe ya kweli katika dawati la yule mtoto wa bibi?

Mkulima wa pamba hatashangaa kusikia haya. Mwenye mashamba mawili, moja la mbuga nyeusi na jingine la kichanga, hatii samadi sawa pande zote mbili akasema amegawa kwa haki. Hutia zaidi pale ardhi ilipo dhaifu, maana akitakacho ni mavuno.

WENZETU WALIFANYA NINI?

Nchi nyingine zimelijaribu jambo hili, na yafaa tujifunze kwa mema yao na kwa makosa yao.

Uholanzi mwaka 1985 iliamua kuhesabu watoto kwa uzito. Mtoto wa kawaida alihesabiwa 1. Mtoto wa wazazi wenye elimu ndogo alihesabiwa 1.25, na mtoto wa wahamiaji wenye elimu ndogo, 1.9. Shule yenye watoto wengi wa aina hiyo ilipata walimu zaidi.

Uingereza ilianza Aprili 2011 kuzipa shule nyongeza kwa kila mtoto atokaye katika nyumba maskini, wakimtambua kwa haki yake ya kula bure shuleni. Kila shule hutakiwa kutangaza jinsi ilivyotumia fedha hizo. Hata hivyo, baadhi ya shule, zilipobanwa na upungufu wa fedha nyingine, zilitumia nyongeza hiyo kuziba mapengo ya kawaida. Fundisho: fedha isiyowekewa mpaka hutiririka mahali popote penye bonde.

Afrika Kusini ilizigawa shule zake katika mafungu matano kwa kadiri ya umaskini wa eneo, na tangu 2007 shule za mafungu ya chini hazikutoza ada. Lakini palitokea manung'uniko: shule iliyo katika mtaa wa wenye uwezo huhesabiwa tajiri, ingawa watoto wake wengi hutoka mbali katika vibanda. Fundisho hili latuhusu sana sisi. Mtu aliye Dodoma akitazama ramani atasema, "Geita ina dhahabu, basi Geita ni tajiri." Kumbe dhahabu ya mahali si dhahabu ya mtoto. Kwa hiyo ni afadhali tumtazame mtoto mwenyewe kuliko kuutazama mkoa wake.

DHAHABU NA MTOTO

Je, fedha zitatoka wapi? Kwanza, ruzuku yenyewe yafaa ipimwe upya na Taifa zima. Lakini sisi wa ukanda wa dhahabu tunayo njia iliyo karibu zaidi.

Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Kwa miaka mingi sheria iliitaka migodi hiyo izilipe halmashauri ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Tena, tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, kila mgodi yaupasa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Huko Geita mpango huo, tangu mwaka 2018, umefikia kiasi cha shilingi bilioni 9 kwa mwaka.

Fedha hizo zimefanya kazi njema: madarasa, zahanati, barabara, masoko. Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu ni ushahidi usiohitaji msemaji. Walakini, tukitazama orodha za miradi, nyingi ni za saruji na mabati. Hata Taifa lilipopata mkopo wa trilioni 1.3 wakati wa UVIKO-19 mwaka 2021, kazi iliyoonekana zaidi upande wa elimu ilikuwa vyumba vya madarasa 15,000. Vilihitajika kweli. Lakini ukuta una bahati moja ambayo uji hauna: ukuta hupigwa picha, na utepe hukatwa. Uji hunywewa ukaisha.

Basi twapendekeza hivi. Halmashauri zetu zimekwisha kuzoea kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na itengwe vivyo hivyo sehemu ya kumi ya fedha za jamii zitokazo migodini, iwe ya watoto wenye mizigo. Sehemu ya kumi ya bilioni 9 ni milioni 900. Ukimpa kila mtoto nyongeza ya shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani mara tatu ya ruzuku, utawafikia watoto 30,000. Na kwa mfano kilo ya mahindi ikiwa shilingi 1,000, fedha hizo ni kilo 30, ambazo kwa siku 194 ni zaidi ya gramu 150 kila siku. Hilo ni bakuli jema la uji. Tumeacha madarasa tisa katika kumi yajengwe kama yalivyopangwa, na tumewashibisha watoto watakaoketi ndani yake.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

La kwanza, wengine watauliza, "Tutawajuaje wenye shida?" Orodha ipo. TASAF, kwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2013, imekwisha kuziandika kaya hizo kwa msaada wa mikutano ya vijiji. Katika awamu ile ya kwanza kaya ilipata shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mtoto wa shule ya msingi, kwa sharti la kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo. Msaada huo uliingia nyumbani. Nyongeza tunayoisema ingeingia shuleni. Orodha hiyo ina mapungufu, kwa hiyo mwalimu na Kamati ya Shule waongeze yatima, wenye ulemavu, wasichana waliorudi baada ya uzazi, na watoto waliotolewa machimboni.

La pili, "Italeta aibu na kijicho." Ndiyo, italeta, kama majina yatasomwa mstarini mbele ya bendera. Isifanywe hivyo. Majina yahesabiwe ofisini, fedha iingie katika hesabu ya shule, na uji upikwe chungu kimoja kwa wote. Wenye uwezo waendelee kutoa mahindi yao, na nyongeza imlipie asiyeweza. Mtoto hatajua bakuli lake limetoka wapi.

La tatu, "Wazazi watabweteka." Hofu hii si ya bure, maana tangu 2016 wako waliodhani elimu bila ada ni elimu bila mzazi. Sare, madaftari na chakula vilibaki juu ya mzazi. Lakini bibi mwenye miaka 70 aleaye wajukuu wanne hawezi kuitwa mbwetekaji. Mwenye nguvu na akumbushwe wajibu wake, na asiye na nguvu asaidiwe. Tusimchape wa pili kwa kosa la wa kwanza.

La nne, "Fedha zitaliwa." Hili ndilo zito. Dawa yake ni mwanga. Kila muhula pabandikwe katika ubao wa matangazo: fedha zilizoingia, zilizotumika, na zilizobaki. Zitumike kwa mambo matatu tu: chakula, masomo ya ziada ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa walioachwa nyuma, na vifaa vya lazima, kama sare, madaftari, miwani na kofia. Zisijenge choo wala zisinunue kiti cha ofisi, hata kama choo na kiti vyahitajika, maana hivyo vina fungu lake.

Kushirikiana kwawezekana. Mwaka 2006, mjini Geita, Serikali, mgodi na Jimbo Katoliki walishikana mikono wakaanzisha kituo cha Moyo wa Huruma cha kulelea na kusomesha yatima. Lakini nyumba moja haiwezi kuwachukua wote. Walio wengi wako kwa bibi zao, na kila asubuhi hupita mbele ya nyumba zetu wakienda shule.

KABLA DHAHABU HAIJAISHA

Jambo moja la mwisho. Wazee wa Geita wakumbuka kwamba mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966. Mgodi wa Buzwagi, huko Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukaumaliza mwaka 2021: miaka 12 tu, pungufu ya muda wa mtoto kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha sita. Aliyeingia darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa, ulipofungwa alikuwa hajamaliza. Dhahabu haioti tena kama pamba. Ushuru huisha pamoja na mawe, na shimo ndilo libakilo. Watakaobaki na shimo hilo ni watoto walio madawatini leo. Kama walijifunza, watajua la kufanya nalo. Kama walisinzia kwa njaa, wataingia ndani yake kuokota mabaki.

Kwa hiyo twawaomba wazazi, walimu na madiwani wayachukue maswali haya katika mkutano ujao wa shule au wa kijiji:

1. Katika shule yetu, ni watoto wangapi wafikao bila kula, na nani awahesabuye?

2. Ruzuku ya muhula huu ilikuwa kiasi gani, nayo imebandikwa wapi?

3. Katika fedha za migodi zilizoletwa katika halmashauri yetu mwaka huu, ni shilingi ngapi zilizomfikia mtoto mwenyewe, mbali na ukuta wa darasa lake?

4. Mtoto wa jirani yangu akiacha shule leo, nani atakayejua kabla ya kesho kutwa?

Swali la nne halihitaji Waraka wala bajeti. Tuanze na hilo.